Mraba Mwekundu kwenye Pafu la Mzee Okwakol

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Imefika! Eksirei yenye kompyuta inayosoma mapafu yenyewe — hapa hapa Malaba, kwenye hema letu la kupima kifua! Zamani picha ilitumwa kwa daktari wa mbali, tukasubiri mpaka tukasahau. Sasa kufumba na kufumbua, na penye shaka inachora mraba mwekundu. Nimecheka peke yangu kama mwehu. Na Jumamosi mchumba wangu Ekisa na jamaa zake wanakuja kwetu Kocholia kujitambulisha. Aguti mimi, wiki gani hii!

Jumatano, 5 Novemba
Dereva wa lori kauliza kama kompyuta inaona na mpango wa kando. Nikasema inaona. Alivyovaa shati mbio!

Alhamisi, 6 Novemba
Leo Mzee Okwakol, babake Ekisa. Avue shati mbele ya mkwe? Ng'o! Mpaka nilipogeukia ukuta. Picha niliiona safi kabisa. Kompyuta ikachora mraba chini ya mtulinga wa kushoto. Nikaibishia! Daktari Obuya, mkuu wa hema letu, akaikuza. Hata yeye angepitwa, akasema. Lakini mashine inashuku tu. Kama ni TB, makohozi ndiyo yatasema, Jumatatu. Mpaka hapo mzee avae barakoa, asikae na watu ndani.

Mzee akaitikia kila kitu. "Mkwe, Ekisa asijue. Jumamosi nakuja. Mimi najua kujichunga."

Siri ya mgonjwa. Nimefunga mdomo, lakini Jumamosi nitabeba barakoa.

Jumamosi, 8 Novemba
Wamekuja! Vigelegele, mvua, gauni langu jipya la gomesi! Chungu cha ajon, pombe yetu ya wimbi ya kunywa kwa mirija, kiko sebuleni, madirisha yamefungwa, vichwa vyote vimekaribiana. Mzee hana barakoa. Nikamkazia macho. Akachomoa mrija wake mwenyewe kwenye koti, akanionyesha kwa fahari! Wengine wanapokezana, wake hauguswi na mtu.

Mzee wangu! Si mrija — ni kikohozi!

Nilicheka mpaka machozi, kisha nikaogopa. Ameketi kati ya Baba na nyanya Benedetta. Amekohoa. Nyanya anampigapiga mgongo, uso kwa uso.

Naandikia jikoni. Nikimwita kando, wote watauliza. Nikinyamaza, nyanya anavuta hewa ile ile. Ekisa anaita maji moto ya kuongeza chunguni. Mzee naye: "Mkwe, kuja ukae hapa karibu!"

Barakoa ziko kifuani mwa gomesi. Naanza na madirisha — wacha mvua itunyeshee, wacha waseme Ekisa anaoa kichaa — halafu nagawa barakoa kwa wote, siri ya mzee ibaki yake.