Maji Ndani ya Hewa

Jumatatu, 10 Machi 2025

Mvua tangu alfajiri. Draya imekufa — ile mashine inayoipoza hewa ya kompresa kama friji, maji yadondoke kabla hayajaingia kwenye mabomba. Feni haizunguki. Stanslaus, msimamizi wetu, kasema tuipitishe hewa pembeni mpaka fundi aje kutoka Mwanza. Kazi isisimame. Nikamwambia filta ya kunasa maji bado ipo.

Mchana jua likatoka. Filta nyeusi tii, na mpya hatuna. Nikaiosha kwa sabuni ya unga, nikaianika juu ya bati, kama tunavyofanya ya pikipiki. Ikarudi nyeupe! Nikajisifu kidogo.

Jumatano, 12 Machi

Nilifungua koki ya tangi la hewa. Maji yenye mafuta, kidumu kizima. Siku zote hupata kikombe. Nikafungua filta. Imelegea, imepasuka ubavuni. Kumbe hizi haziosheki! Ndiyo maana geji ya presha ilikuwa inasoma vizuri hivi — hewa inapita bila kuzuiwa na chochote, maji pia.

Nikairudisha. Sikumwambia mtu.

Hapa kuna wazee wanaoamini mwanamke akisogea karibu na duara, shimo la mgodi, dhahabu inakimbia. Stanslaus ndiye aliyenitetea mwaka jana. Alisema Mama Juliana amesoma VETA, mwacheni. Sasa nikamwambie nini? Kwamba nimefua filta kama soksi?

Alhamisi, 13 Machi

Winchi yetu ni ya kuungaunga, breki yake inashika kwa hewa hiihii. Mwita, mwendesha winchi, alikuwa anasimulia wakati wa chai: kavuta breki, ndoo ya mawe ikaendelea kushuka kama urefu wa mtu, ndipo ikashika. Watu wakacheka. Maji yameshafika kule. Najua.

Ndoo hiyohiyo hushusha watu. Kesho zamu ya Nkwabi, mdogo wangu.

Amekula ugali hapa kwangu. Nikamwambia asiende, aseme anaumwa. Akaniuliza kwa nini. Nikasema nimeota vibaya. Akasema akikosa siku moja, nafasi yake inachukuliwa na mtu wa Nkome kabla ya saa nne. Kweli ningeweza kumwambia. Mdomo ulikuwa wazi kabisa.

Kesho asubuhi nitamwambia Stanslaus. Kwanza kabisa.

Ijumaa, 14 Machi

Nimesema. Nilimkuta Stanslaus ofisini, nikamwambia yote, filta, sabuni, bati. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Nkwabi ameshashuka?" Tukakimbia.

Ameshashuka. Yuko peke yake ndani ya ndoo, mita arobaini, chini yake sitini nyingine. Tulipiga kelele, Mwita akavuta breki, ikateleza, ikateleza, ikashika. Sasa winchi hawathubutu kuigusa. Wamekwenda kuleta mnyororo waifunge kamba kwenye nguzo.

Mimi nimeambiwa nikae na kompresa. Presha isishuke chini ya tano, breki isije ikaachia, na kila dakika tano niandike. Daftari la geji limelowa, naandika humu.

Saa 2:31 — sita nukta nne.

Koki inalia, tangi limejaa maji. Nikiifungua, presha inashuka. Nisipoifungua, maji yanaenda kwenye breki. Stanslaus anasema niamue mimi, ndimi ninayeijua hii mashine.

Saa 2:36 — sita nukta moja. Nimefungua kidogo, nimefunga. Mungu wangu.

Nkwabi kapiga kelele kutoka chini, anauliza nani yuko kwenye kompresa. Mwita kamjibu ni dada yako. Hawajamwambia lingine.

Nimemsikia hadi huku: "Basi sawa."

Saa 2:41 — tano nukta saba. Mnyororo bado. Maji yamejaa tena. Nafungua koki, jicho kwenye geji.