Udongo wa Bondeni Usiule

Mshangano,
Songea.
9 Machi, 2025.

Mpendwa mdogo wangu Anjelika,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo wewe, na huyo aliye tumboni anacheza vizuri? Miguu imeacha kuvimba? Shemeji Cornel naye mzima? Sisi huku hatujambo, ila Urbani anaota meno na usingizi wangu umekuwa wa kuibia. Naandika akiwa mgongoni, mwandiko ukipinda ujue ni yeye.

Mvua inanyesha vizuri na mahindi yamebeba.

Sasa nije kwenye udongo. Juzi kwenye simu nilipokuambia sikutumii, ulicheka, ukasema nimekuwa mchoyo hata wa matope, ukakata. Barua haikatwi, kwa hiyo nisome mpaka mwisho.

Kuna kisima kipya kimechimbwa bondeni, pale pale tunapochimba udongo wa kula. Kabla hakijafunguliwa walikuja wataalamu kupima maji, wakakuta sumu iitwayo aseniki. Haina rangi wala ladha, na inadhuru polepole. Hakuna mtu aliyeimwaga, imo ardhini tangu zamani.

Walitueleza hivi. Ule wekundu wa matope ni kutu ya chuma, na sumu hiyo huing'ang'ania kutu kama mbegu za kishona nguo kwenye kanga. Udongo ukijaa maji muda mrefu hukosa hewa, kutu inayeyuka, sumu inaachiliwa na kuingia majini. Lakini kwenye ule udongo mweusi unaonuka yai viza kuna salfa, nayo hushikana na chuma, ikainasa sumu tena. Ndiyo maana kisima kimoja kinakuwa kibaya na cha jirani kikawa afadhali.

Mimi nikauliza, na sisi tunaokula huo udongo wenyewe? Wanawake wakaangua kicheko. Mama Remmy akasema, "Renatha, kumbe una mimba nyingine!" Yule dada mpimaji hakucheka. Alichukua mabonge, mekundu na meusi, wakaenda kuyapima. Majibu yamekuja wiki iliyopita. Sumu imo kwenye yote, na ule mweusi tunaoupenda ndio umezidi.

Najua utasema tunaukausha juu ya moto. Hata mimi nilidhani moshi unamaliza kila kitu. Lakini hii si mdudu, moto hauiui. Mweusi ukikauka na kupata hewa unageuka kutu, na sumu inabaki humo humo kwenye bonge. Likifika tumboni, kwenye ule ukali unaokupa kiungulia, inaachia na kuingia kwenye damu. Na damu yako ndiyo inayomlisha mtoto.

Mama mwanzoni hakutaka kusikia. Alisema, "Ninyi wanne nimewazaa nikila udongo huo huo, na mmekua mpaka mnanifundisha kula." Sikutaka kumkumbusha kwamba alizaa sita. Wala sisemi ni udongo uliowachukua wale wawili, hakuna anayejua. Ila alinitazama, na tangu siku hiyo hajayarudia maneno yale.

Wiki ijayo anakuja kwako kukungojea ujifungue. Kikapu chake nimekikagua, akanuna siku nzima. Lakini Mama ni Mama, na pindo la kanga siwezi kulikagua. Akikupa bonge, lipokee kwa mikono miwili, usimjibu vibaya, kisha kalifukie mbali na bustani. Usionje hata kipande. Hapo sikubembelezi, mdogo wangu, nakukataza.

Hamu ikikushika, tafuna karanga, nimempa Mama debe dogo la za kukaanga. Na ukienda kliniki mwambie muuguzi kwamba unatamani udongo, na ule uliobeba kutoka huku Krismasi umekula kiasi gani. Usione aibu. Huenda damu imepungua. Vile vidonge vya damu umeze hata kama vinakuchefua.

Nisalimie Shemeji, mama mkwe wako, na jirani yako Saada. Kaka Rupert anasema mtoto akiwa wa kiume jina lake lisisahaulike, nami nimemwambia asubiri kwanza azaliwe. Mungu akutangulie mpaka siku yenyewe, akupe uchungu mfupi na mtoto mwenye sauti.

Jibu refu silitaki. Mama akishafika na kufungua mizigo yake, niandikie maneno mawili tu: Dada, sijala.

Dada yako akupendaye kuliko huo udongo,
Renatha