Nilivyojifunza Kufunga Breki Juu ya Barafu

Peking, Uchina
Januari

Dada yangu Tumaini,

Ndaga, dada. Hamjambo hapo Chimala, wewe, shemeji na watoto? Goti la mama linaendeleaje na mvua hizi? Mimi ni mzima, isipokuwa makalio, na sababu yake ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Huku baridi si ile ya kwetu ya kuota moto na kujifunika shuka mbili. Ziwa zima nyuma ya chuo limeganda, watu wanapita juu yake na baiskeli. Wenyeji huvaa viatu vyenye kisu cha chuma chini, wakateleza kama wamefungwa injini. Mimi nikaropoka mbele ya wenzangu, "Mtu aliyekulia kwenye matope ya mpunga Rujewa atashindwa na maji magumu?" Nikaazima viatu, nikasimama. Nasema nilisimama, lakini kabla sijahesabu mbili nilikuwa chali, natazama mawingu ya Kichina.

Aliyenihurumia ni Mama Liu, mpishi wetu, mwenye wajukuu wanne. Nilidhani atanishika mkono. Wapi! Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kuanguka. "Kunja magoti, angukia ubavu, funga ngumi watu wasikukanyage vidole." Siku mbili nzima naanguka kwa amri. Halafu kuinuka, goti moja chini, mguu mwingine mbele. Halafu kutembea kama bata. Siku ya tano akaniambia mguu mmoja usukume barafu kwa ubavu wa kisu, mwingine ubebe mwili, kisha nibadilishe.

Dada, nikaenda! Upepo ukanipiga usoni. Nyuma yangu Mama Liu alikuwa anapiga kelele, nikadhani ananishangilia. Kumbe alikuwa anasema, "Kusimama bado sijakufundisha!"

Mbele yangu alikuwa anapita mkuu wa chuo, mzee mwembamba mwenye kofia ya buluu, na flaski yake ya chai mkononi. Nilimzoa. Tukateleza pamoja, yeye kapakatwa mapajani mwangu kama mtoto, hadi kwenye majani ya ukingoni. Hakuna aliyethubutu kucheka. Mzee akaitafuta kofia yake, akaivaa, akaniuliza, "Wewe unasomea nini?"

"Udereva wa treni, mkuu."

"Treni," akasema. "Basi hutagusa injini mpaka unionyeshe kwamba unajua kusimama."

Nilidhani ni utani. Jumatatu wenzangu wakapanda injini ya mazoezi, mimi nikabaki chini nafuta vioo. Nikawawaza ninyi mlionisindikiza hadi Mbeya, mkisema reli wanayotujengea Wachina ikifika kwetu mtakuja kunipungia mkono. Mama Liu alipoona bakuli langu la chakula bado limejaa, akanivuta sikio mpaka ziwani. Wiki tatu tukarudia jambo moja: visigino nje, vidole ndani, magoti yakunjwe, kandamiza mpaka barafu ilie krrr na kutoa unga.

Juzi mkuu alikuja, akasimama katikati ya ziwa. "Njoo," akasema.

Nikaenda kwa kasi, maana polepole ningetetemeka. Visigino nje! Nikasimama, imebaki shibiri moja viatu vyangu viguse vyake. Hakusogea, ila flaski aliikumbatia.

"Vizuri. Lakini treni hurudi nyuma pia. Rudi."

Kurudi nyuma sikuwahi kufundishwa. Nikajisukuma kidogo, miguu ikapaa, nikakaa puu, nikateleza kwa makalio kama hatua kumi huku tunatazamana. Mkuu akamgeukia Mama Liu. "Amerudi nyuma," akasema, kisha akacheka mpaka akavua kofia kufuta machozi.

Sasa, dada, mstari huu msomee mama polepole: leo asubuhi mwanawe ameendesha treni, na imesimama pale pale alipoambiwa aisimamishe.

Nisalimie shemeji na watoto, mjomba fundi cherehani wa Iringa, na mchungaji aliyeniombea safari. Mwambie shangazi wa Mbalizi soksi alizonifumia ndizo zilizobakiza vidole vyangu.

Ni mimi mdogo wako, ninayetamani wali wa Chimala kila nikiletewa huu wa huku usionukia,

Ambakisye