Maksai Aliyekwenda Vitani

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Karatu tu wazima. Bibi yako anakusalimu, na mimi bado nawashinda vijana kwa sura. Umeniuliza, kwa ajili ya masomo yako ya uchumi, ulinzi wa nchi hulipiwa na nani.

Wakati wa vita vya Kagera nilikuwa dereva, hodari kuliko wote huku. Nilitumwa Olbalbal, kwa Wamaasai, kuchukua ng'ombe wa kuwachangia askari. Mfugaji mmoja, Mzee Saitoti, akanitolea maksai wa kengele, yule anayeongoza kundi kwenda majini.

"Mzee, toa yule aliyekonda," nikamwambia.

"Nyamaza, layoni!" Akaniita mtoto asiyetahiriwa, mimi mwenye leseni! "Anayekwenda kufa kwa ajili yangu nimpe mifupa?"

Akamvua kengele, akampandisha mwenyewe kwenye lori.

Niliishia darasa la nne, hesabu zenu sizijui. Ila kiangazi kile maji yalikuwa mbali, na kundi likagoma kutembea bila kiongozi. Nilipopita tena nikamwona Mzee Saitoti ametangulia mbele ya ng'ombe wake juani, anatikisa kengele kwa mkono.

Sikupiga honi, mjukuu wangu. Nilizima injini mpaka wote wakapita.

Babu yako, anayekuombea heri.