Nafasi Alizoziacha Mama kwenye Kaseti

Jumapili, Mei 1996
Kabiro, Kawangware

Mvua imenyesha tangu alfajiri, nami bado nimepigwa na butwaa.

Niungame kwanza. Krismasi iliyopita sikwenda nyumbani Kakamega. Nilirekodi kaseti, nikampa jirani aliyekuwa akisafiri ampelekee Mama, nikijigamba kwamba enzi hizi sauti inatosha. Humo nilisema nimepata kazi ya ofisini.

Sina ofisi. Nina shahada, suti moja na barua nyingi za kukataliwa.

Leo kaseti ya jibu imefika mtaa wa Lindi, hapa hapa jijini, kwa shangazi yangu tunayemwita Senje, maana yeye ndiye mwenye radio-kaseti. Nilikwenda kwa miguu, suti ikalowa. Nilipobonyeza kitufe, Senje na watoto wake walisogea karibu.

"Mulembe, mwanangu," Mama akasalimu.

Kisha kimya. Kuku. Kikohozi cha Baba kwa mbali. Nikadhani kanda imekwama, nikanyoosha mkono.

"Wacha!" Senje akanizuia. "Mamako anangoja umwitikie. Tangu lini watu wetu wakapita salamu ambayo haijaitikiwa?"

Basi niliitikia, mtu mzima na elimu yangu, mbele ya spika. "Mulembe, Mama."

Ochi, jirani wa mlango wa pili, alikuwa amesimama kizingitini. "Eeh, msomi anaongea na redio! Hiyo digrii ni ya nini, bana?"

Mama akauliza habari za Senje, akanyamaza, Senje akajibu. Akauliza habari za watoto, akanyamaza. Wakajibu kwa kelele. Kila jibu lilienea barabara katika nafasi yake. Nilimwona akilini, peke yake mbele ya mashine, akitupimia kimya mmoja mmoja. Chuoni sikukutana na ustadi wa namna hiyo.

Halafu: "Na kazi, mwanangu?"

Kimya hicho kilizidi vyote kwa urefu. Wote walinitazama. Hata Ochi aliacha kucheka. Nilifungua kinywa, uongo wangu wa Krismasi ukakataa kutoka.

"Nimesikia," Mama akasema. "Basi njoo hivyo hivyo."

Alijuaje?

Senje alinipa kaseti tupu nirekodi jibu. Niliirudisha mikononi mwake.

Suti nimeianika juu ya kiti. Ijumaa nitapanda basi, ikauke isikauke, nikamjibu Mama akinitazama usoni.