Nyasi Chini ya Kiti cha Baiskeli

Masuguru, Korogwe
26 Juni 1952

Mwanangu Mikaeli,

Salamu nyingi. Mimi sijambo. Mama yako Bernadina bado anakohoa, lakini ana nguvu za kunigombeza, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Nawe u hali gani huko Handeni? Umepata mahali safi pa kulala?

Habari za ushindi wako zilitufikia Jumapili tulipokuwa tukitoka kanisani. Watu walinipa mkono mmoja baada ya mwingine, kana kwamba ni mimi niliyekanyaga pedali kutoka hapa mpaka huko. Mama yako alilia kidogo, kisha akasema hakulia.

Baiskeli yangu uliyoondoka nayo imefika. Utingo wa lori aliishusha Jumatatu. Niliipangusa vumbi mwenyewe, na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo nataka unieleze.

Juzi alipita hapa Hiza, mlinzi wa lango la karantini ya ng'ombe kwenye barabara ya Handeni. Siku ya mashindano alitandaza magunia yaliyolowa dawa nyeusi barabarani, na hakumwacha mtu apite bila kuyakanyaga. Alisema hivi: "Mwanao alikuwa wa kwanza, Mzee Gregori. Nilimwamuru ashuke asukume, maana Bwana Mifugo alikuwa amesimama pale pale. Akasukuma juu ya magunia huku akinitukana moyoni. Nilimwona machoni."

Dawa ile naijua. Inanuka kama lami, na ikiingia kwenye njiti za gurudumu haitoki hata kwa mafuta ya taa. Baiskeli ya Hiza ina madoa yake tangu mwaka jana. Magurudumu ya baiskeli yangu ni safi.

Tena watu wanauliza Habakuki alipotelea wapi. Kila mtu alijua kwamba yeye ndiye mwenye mbio kuliko nyote. Aliondoka hapa mbele yako, na Handeni hakuonekana. Wapo wanaosema mlipatana. Sheria ilikuwa fupi: kila mtu afike kwa nguvu zake, na kwa baiskeli ile ile aliyoondoka nayo.

Kamati ya mashindano imeniletea habari kwamba kazi ya utarishi uliyoipata kwa ushindi huo itathibitishwa Jumamosi ya kwanza ya Septemba, na kwamba nitaitwa kusimama mbele yao niseme kama wewe ni mtu mwaminifu. Sijawahi kusema mbele ya watu jambo nisilolijua. Nieleze.

Ni mimi baba yako,
Gregori


Handeni
4 Julai 1952

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimepata barua yako nikiwa mzima. Msalimu sana mama, umwambie kifua akikande kwa mafuta ya moto asingoje mpaka azidiwe.

Baba, barabara ile unaijua kuliko mimi, kwa kuwa uliipita miaka mingi ulipokuwa karani wa mkonge. Ukishavuka mto na kuyaacha mashamba, nchi inalala kama mkeka. Hakuna mlima wa kupanda wala mteremko wa kupumzikia. Unamwona mwenzako mbele, mdogo kama mbegu, unakanyaga mpaka mapaja yanawaka moto, na yeye bado ni mdogo vile vile. Upepo ukikujia usoni, unainamisha kichwa na kutazama gurudumu tu. Nilifika Handeni kwa nguvu zangu. Hilo naweza kuliapia.

Kuhusu magurudumu, niliyaosha.

Kazi ninaifanya vizuri. Nimepewa baiskeli ya kazini na mfuko wa barua, na watu wameanza kunijua.

Jambo moja nakuomba. Chini ya kiti cha baiskeli yako, kwenye bomba, kuna nyasi zilizofungwa fundo. Tafadhali usizifungue wala usizitupe. Nitakueleza nikija.

Mwanao mtiifu,
Mikaeli


Masuguru, Korogwe
12 Julai 1952

Mikaeli,

Salamu. Sisi wazima. Mama yako amepata nafuu.

Unasema uliyaosha. Uliyaosha kwa nini, na kwa kitu gani, hata dawa ambayo haijapata kumtoka Hiza ikakutoka wewe? Na kwa nini uyaoshe magurudumu peke yake, ukaiacha fremu na vumbi la kuandikwa kwa kidole?

Nilikwenda kutazama chini ya kiti. Nyasi nilizikuta. Zimesokotwa, zimefungwa fundo, zimefichwa mahali ambapo mtu haoni mpaka aigeuze baiskeli. Sikulelewa porini, lakini si mjinga. Nimeishi na wafanyakazi wa mkonge wa kila kabila, na nimeona vitu ambavyo watu hufunga kwenye viuno, kwenye vizingiti na kwenye vitanda. Nimesikia kwamba hata wacheza mpira huenda kwa waganga kabla ya mchezo. Sasa nafahamu jinsi mtu anavyoweza kumshinda Habakuki, na jinsi Habakuki anavyoweza kupotea njiani kwenye nchi isiyo na kichaka cha kumficha sungura.

Mama yako alisema, "Nyasi ni nyasi, Gregori. Mtoto amesema uziache." Nilimjibu kwamba nyasi za kawaida hazifungwi fundo, wala mtoto asiye na hatia haombi zisifunguliwe. Nikamwita Katekista Ponsiano, akasali, nikazitia jikoni zikaungua mpaka zikaisha.

Nangoja jibu lako. Ukweli wote, si nusu.

Baba yako,
Gregori


Masuguru, Korogwe
19 Agosti 1952

Mwanangu Mikaeli,

Salamu. U mzima? Nakuuliza kwa sababu mwezi umepita na hukuniandikia. Mwanzoni nilisema ni kiburi. Baadaye nikasema ni hofu ya mtu aliyebainika. Leo sijui niseme nini.

Karantini imeondolewa, na wafugaji wameanza kuleta ng'ombe mnadani. Jumamosi alikuja hapa nyumbani mtu mrefu wa makamo, mwenye mkuki na shuka jekundu. Hakuketi. Aliitazama baiskeli iliyoegemea ukutani, akainama akachungulia chini ya kiti, kisha akanitazama mimi.

"Wewe ndiye mwenye hii?"

"Ndimi. Na wewe ni nani, unayekagua mali ya watu kabla ya kubisha hodi?"

"Ledama. Kijana wako alimgonga ndama wangu."

Nilimkaribisha kiti, akakaa. Alinieleza bila haraka. Boma lake liko upande huu wa lango la karantini. Siku ile ulikuja umeinamisha kichwa, hukumwona ndama akivuka, mkaanguka wote wawili. Ndama alivunjika mguu. Vijana wake wakaishika baiskeli, kwa kuwa kwao mwenye kudhuru haondoki mpaka jambo lizungumzwe. Habakuki alikuwa nyuma yako kidogo, kwa kuwa alikuwa amesimama kuziba pancha. Angeweza kupita akashinda. Akashuka.

"Kijana wako alikuwa anatetemeka," Ledama akasema. "Nilidhani anatuogopa sisi na mikuki. Yule Habakuki anajua Kimaasai. Akacheka, akaniambia, 'Huyu hawaogopi ninyi. Anamwogopa mwenye baiskeli.'"

Mama yako alikuwa anamimina chai. Alisita, akanitazama, akaendelea kumimina.

Ledama akasema Habakuki alikupa baiskeli yake ukaondoka, yeye akabaki kuzungumza kwa niaba yako. Aliufunga mguu wa ndama kwa vijiti na vipande vya shati lake. Kesho yake Ledama akasema shauri limekwisha, hataki chochote. Akang'oa nyasi mbichi, akazifunga chini ya kiti zisianguke njiani, ili mwenye mali azione, na jambo lisibaki kati yao na sisi. Lori lililokuwa linakuja Korogwe likaichukua, na Habakuki akakutumia habari za nyasi hizo. Kumbe baiskeli yangu haikufika Handeni kabisa, wala haikufika langoni kwa Hiza.

"Sasa nyasi zangu ziko wapi, Mzee?"

Nilimwambia kweli. "Nilizichoma. Nilidhani ni uchawi."

Akasema, "Ng'ombe anakula nyasi, na sisi tunamtegemea ng'ombe. Kwetu hata adui akishika nyasi mkononi hapigwi. Nimekupa amani, wewe ukaitia moto. Basi umenijibu." Akasimama, akachukua mkuki wake. Kikombe alikiacha kimejaa.

Mikaeli, kazi hiyo si yako. Uliipata kwa kuvunja sheria, na mtu aliyestahili alikaa kwenye boma akikufunikia aibu. Kamati itakapoketi nitasema hivyo hivyo, hata wakikufukuza mbele yangu. Unaweza kunitangulia ukayasema mwenyewe.

Bado sielewi kwa nini uliniandikia kwamba uliyaosha. Mtu akidanganya jambo dogo kama hilo, nitajuaje mengine?

Baba yako,
Gregori


Handeni
28 Agosti 1952

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kwa Ledama, si mjini.

Siku nilipopata barua yako nilikwenda kwa mwenyekiti wa kamati nikamweleza yote. Alinitazama kama mtu aliyelishwa mchanga. Wamemwita Habakuki, na Jumatatu ataanza kazi. Nilipomkabidhi mfuko wa barua alinicheka. "Ulinipa muda wa kupumzika," akasema. "Barua za watu ni nzito kuliko ndama." Hakunisema zaidi ya hapo, na ingekuwa afadhali angenisema.

Sikukujibu ile barua ya Julai kwa sababu ulikuwa umekwisha kuzichoma nyasi zile. Nilijua Ledama atakuja kuzitazama, nikashindwa nikuambie nini. Sasa nimekuja kwake kumwomba msamaha. Ananipa maziwa, ananipa mahali pa kulala, lakini hazungumzi nami juu ya jambo lile. Anasema mwenye shauri sasa si mimi, ni yule aliyezichoma. Mchana namchotea maji ndama. Anatembea, anachechemea.

Baba, umeniuliza kwa nini nilidanganya. Sikutaka kukujibu vibaya, lakini umetaka ukweli wote. Baiskeli ilipofika uliipangusa, ukaikagua njiti kwa njiti, ukaniandikia. Uliniuliza magurudumu, ukaniuliza Habakuki, ukaniuliza nyasi. Hata uliposikia kwa Ledama kwamba nilianguka, hukuuliza kama niliumia. Goti langu la kulia bado limevimba.

Msalimu mama.

Mwanao,
Mikaeli


Masuguru, Korogwe
2 Septemba 1952

Mwanangu Mikaeli,

Goti lako li hali gani? Je, linakunjika? Usiku linakuuma? Limekandwa na nani, na kwa dawa gani? Mama yako anataka majibu ya maswali hayo yote, na mimi nayataka kabla yake.

Barua yako niliisoma peke yangu kwanza, kisha nikamsomea yeye. Nilipofika mwisho aliinuka. Alikwenda akakitoa kikombe alichokiacha Ledama, ambacho alikuwa amekiweka kabatini peke yake tangu siku ile, akakiosha.

Ulifanya vema kwenda mbele ya kamati bila kuningoja. Nimewaandikia kwamba sitakuja, kwa kuwa hakuna kilichobaki cha kuniuliza.

Kiangazi kimekausha nyasi zote hapa, ila zile zinazoota nyuma ya nyumba, maji ya kuogea yanapotuama. Leo asubuhi nimezing'oa, nikazifunga chini ya kiti. Fundo lao silijui. Nimelifunga mara nyingi, nikalifungua, na sasa limekaa kama fundo la mzigo wa mkonge, maana ndilo ninaloliweza. Ukiona nimekosea, usilirekebishe. Acha Ledama alione jinsi lilivyo.

Barua hii naituma kwa lori la kesho. Mimi nitaondoka Alhamisi alfajiri kwa baiskeli. Mama yako anasema nitafia njiani. Nimemwambia kwamba nchi ile haina mlima, na kwamba sina wa kushindana naye. Jua likiwa kali nitashuka nisukume, na nikichoka nitakaa kando ya barabara.

Nitakwenda nimeinua kichwa nikitazama mbele. Hata hivyo mwombe Ledama, kwa heshima, siku hiyo awafunge ndama.

Ni mimi baba yako,
Gregori