Ukurasa wa Pili wa Damu Yake

Jumatatu, 24 Machi

Tangu tarehe 3 mwezi huu, siku ya kwanza ya mionzi kichwani, mume wangu amepoteza chembe 920 za kinga kwa kipimo chao. Alianza na 1,600. Leo ana 680. Na hakuna aliyeniambia. Nimejitafutia mwenyewe, kama nilivyojitafutia kila kitu maishani.

Ilivyo ni hivi. Kila Jumatatu wanamtoa damu. Majibu huja kurasa mbili. Wa kwanza una jumla ya chembe nyeupe, wa pili unazigawa aina kwa aina. Karani wa kliniki hubana ule wa kwanza tu, eti faili lisinenepe. Daktari anaona jumla 9,800, anasema damu safi kabisa, mama, nenda kapumzike. Wiki tatu nimepumzishwa!

Leo nimeshuka maabara. Mzee wa maabara – miwani imefungwa kwa uzi – akanionyesha trei ya kurasa za pili, zimelala kama yatima. Akaniambia jumla inadanganya: vidonge vya kushusha uvimbe kichwani hupandisha aina nyingine ya chembe, basi zile za kinga, limfosaiti, zinakwisha chini kwa chini na jumla bado inapendeza. Nikamwambia najua. Ni sawa na kuhesabu mafurushi bila kuyafungua.

Nimeuliza kwa nini zife wakati mionzi inapiga kichwa. Akasema damu haikai kichwani, inapita. Kila ikipita inaungua kidogo.

Jumanne, 25 Machi

Miaka kumi na tisa nafua shuka za hoteli. Nilianza na beseni moja na pasi ya kuazima. Nilichojifunza: shuka hazipungui kwa idadi, hupungua kwa sehemu. Zikiwa nyingi zinachanika nyingi, zikibaki chache zinachanika chache.

1,600. 1,210. 900. 680. Kila wiki robo inaondoka. Basi Jumatatu ijayo 510. Ile inayofuata, tarehe 7, chini ya 400. Mzee wa maabara anasema chini ya 500 wengi hupewa vidonge vya kinga mapema, maana kuna ugonjwa wa mapafu ambao mimi na wewe hatuusikii hata ukipita, yeye utamlaza.

Alhamisi, 27 Machi

Nimemwona mume wangu dakika ishirini, ukumbi wa kungojea mionzi. Uso una alama za vile vishimo vya kinyago wanachomfungia asitikisike. Kasema leo amebanwa kama kuku wa kuchoma. Nikacheka. Sikumshika. Nilikuwa nimetoka kwenye mafurushi ya wageni.

Mimi ndiye niliyempeleka kwa dada yake, tarehe 5. Kwetu kufulia ni chini, kulala ni juu, na wafanyakazi watatu wanakohoa kwa zamu. Ulikuwa uamuzi wa akili. Lakini nyumba sasa! Zamani alikuwa akisimama nyuma yangu nikihesabu foronya, ananong'ona namba za uongo – arobaini na mbili, kumi na saba – mpaka nipoteze hesabu, nimrushie taulo. Sasa nahesabu mara moja na napatia. Sitaki kupatia.

Jumatatu, 31 Machi

520. Nilikosea kwa kumi.

Nimempelekea daktari ukurasa wa pili mkononi. Kausoma mara mbili. Karani aliangalia dirishani. Daktari ni mtu mpole, hilo nampa. Kakiri haukuwahi kufika mezani kwake. Nikamwambia Jumatatu ijayo itakuwa 390, ampe vidonge sasa. Akasema bado yuko juu ya mstari, dawa hiyo nayo ina madhara yake, tungoje kipimo.

Nikasema kipimo kitakuja kuniambia ninachokijua tayari kwa hesabu ya shuka zangu.

"Mama, damu si shuka."

Nilitaka kumwonyesha daftari, nikalirudisha mkobani.

Jumatano, 2 Aprili

Nimehamisha kazi ya kuchambua shuka chafu hadi banda la nyuma. Ngazi zimesuguliwa. Wanaokohoa wanapitia lango la pili. Fundi bomba kaweka sinki mlangoni. Sijamwambia mtu kwa nini, ila mfanyakazi wangu wa pasi kauliza kama naolewa upya.

Alhamisi, 3 Aprili

Mume wangu kapiga simu mwenyewe. Sauti inakwama katikati ya neno, kisha inafika. Anataka kurudi nyumbani. Nikaanza kumweleza: mia tano, robo, tarehe saba. Akanikatiza.

"Mke wangu, nimechoka kuwa namba. Nihesabu nikiwa karibu."

Kisha wifi kachukua simu. Kasema sisi huku tunamwombea, wewe huko unamhesabia – kama vile unasubiri ziishe. Hajui kwamba kutoka mwilini mwake hakuna kingine kinachonifikia. Wifi anamsikia akikoroma. Mimi naletewa karatasi.

Ijumaa, 4 Aprili

Saa nne asubuhi, benchi la kliniki. Nimefika, nimemkuta mume wangu tayari. Kaleta begi lake! Nguo zote. Wifi kamshusha langoni na kuondoka bila kunisalimu. Mionzi ya leo kamaliza, zimebaki tano. Anasinzia, kichwa ukutani, inchi sita kutoka bega langu. Nimepima kwa macho.

Mzee wa maabara anasema vidonge havirudishi chembe hata moja. Vinaufungia tu mlango ule ugonjwa wa mapafu. Akivianza leo, kwangu anaweza kulala. Bila hivyo, na hesabu ninayoijua, nitamrudisha kwa wifi kwa mkono wangu mwenyewe. Yeye hajui bado. Kaamka kidogo, kauliza teksi imefika? Nimesema inakuja.

Saa tano kasoro. Daktari yuko ndani na mgonjwa mwingine. Kliniki inafungwa saa sita, na hadi Jumatatu hakuna mtu. Nimechana ukurasa wa daftari hili, nimempa karani, nikasimama mpaka nikaona kaubana juu kabisa ya faili. Nakala naibakisha hapa:

Daktari, sitaki kusikia tungoje. Unampa vidonge vya kinga leo, ndiyo au hapana? Andika neno moja hapa chini, utie saini. Kabla ya saa sita. Niko nje ya mlango wako, na mume wangu ana begi.